Volti na Diski ya Shemeji Yake

Kompyuta iliwaka, ikavuta pumzi, ikazima.

Tena haikuzima kama vitu vingine vinavyozima. Feni zilianza kuzunguka, taa ya bluu ikamulika sebule nzima, hewa ikavutwa vuuu, kama mtu anayejaza kifua ili aseme jambo zito. Halafu kimya. Ukihesabu pumzi zako saba, inawaka tena yenyewe, inavuta hewa, inanyamaza. Mtu mwenye akili zake angechomoa waya akaenda kuangalia mambo mengine. Lakini aliyekuwa amekaa mbele yake ni Volti.

Jina la Volti alijipa mwenyewe. Alikuwa fundi wa pasi na redio, na kwa maneno yake hakuna kitu chenye waya kilichowahi kumshinda. Redio iliyokanyagwa na lori aliifufua, ikashika hadi stesheni zilizofungwa kabla yeye hajazaliwa. Umeme ulishampiga mara nyingi mpaka sasa ukimwona unamwamkia kwanza. Kwa miezi miwili alikuwa akiutangazia mtaa kwamba anaunda kompyuta kwa mikono yake, kipande kwa kipande, na kwamba ikiwaka, zile za ofisini zitaona aibu zijizime.

"Imewaka?" jirani muuza magodoro aliuliza kila asubuhi.

"Inapasha mwili."

"Siku ya nne leo, Volti. Inapasha mwili au iko mazoezini?"

Volti alifanya kila anachokijua na kila asichokijua. Alitoa memori, akasugua meno yake kwa raba ya kufutia penseli, akairudisha. Alitoa kibetri kidogo cha saa, akakipulizia, akakirudisha. Alibadilisha nyaya za pawasaplai inayogawa umeme, akaipaka prosesa, ule ubongo wa mashine, dawa mpya ya kupoza, akaibembeleza, akaitukana. Vuuu. Kimya.

"Volti, hicho kitu kinanuka," mkewe akasema kutoka mlango wa jikoni.

"Ni plastiki mpya."

"Plastiki gani inanuka dawa ya kuchua?"

Volti naye alikuwa ameisikia harufu hiyo tangu Jumatatu, kali ya kuchoma pua, inatoka kwenye matundu ya kasha kila feni zinapozunguka. Mwishowe akachomoa diski, ile sehemu inayotunza vitu vyote. Kompyuta ikawaka, ikatulia, feni zikaimba vizuri, kioo kikaandika kwamba hakioni diski. Akairudisha diski. Vuuu. Kimya. Mtoto wa chekechea angekwambia ugonjwa uko wapi.

Volti akakaa chini, masikio yakamwaka moto. Alijua diski ile ilitoka wapi.

Miezi mitano nyuma alifariki mwanyumba wake, yaani mume wa dada wa mkewe. Alikuwa dereva wa masafa, siku kumi barabarani na mbili nyumbani, goti lake bovu likichuliwa dawa asubuhi na jioni. Kwa ajili ya safari hizo alikuwa akirekodi sauti yake kwenye kompyuta ya nyumbani, hadithi za kumlaza binti yake, ili baba asipokuwepo sauti yake iwepo. Binti huyo alimpa jina la Mwenyekiti, maana tangu ana miaka miwili aliiendesha nyumba nzima kwa kidole.

Baada ya mazishi kompyuta ile ikagoma. Mjane akaifunga kwenye shuka, akamletea Volti.

"Shemeji, sitaki kingine chochote humo," alimwambia. "Nitolee sauti yake tu. Mtoto anaiulizia."

Ugonjwa ulikuwa waya mmoja uliochomoka. Dakika mbili, kazi imekwisha. Lakini macho ya Volti yalitua kwenye prosesa, kwenye memori, kwenye ile diski kubwa, vitu ambavyo kwa pasi na redio angevipata akiwa babu, na yeye alishautangazia mtaa kwamba anaunda yake. Kesho yake akamshika mjane begani. Akakohoa kidogo.

"Shemeji, imeungua. Majivu matupu. Pole sana."

Mjane akamshukuru. Akamshukuru kwa mikono miwili. Na Volti akarudi ndani, akaifuta diski yote bila kusikiliza hata hadithi moja, kwa sababu alijua akisikiliza moja hataweza.

Basi ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, jua limejaa dirishani. Alikuwa ameshachomoa waya ukutani na kuuzungushia mkononi, mkewe yuko kwenye kochi anakunja nguo, redio imezimwa, hakuna hata nzi anayeruka, na ndipo zile feni zisizo na umeme zikaanza kuzunguka polepole, harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumba mpaka machozi yakawatoka, pumzi ikavutwa, ndefu kuliko zote zilizotangulia, ndefu mpaka pazia likasogea kuelekea kwenye kasha, na safari hii pumzi ile haikurudi bure, ilirudi na sauti ya mwanamume, ya chini, ya uchovu wa safari, ikisema:

"Mwenyekiti. Umelala?"

Shati likaanguka mikononi mwa mke.

"Sauti ya nani hiyo?" akanong'ona.

"Redio ya jirani."

"Ya nani, Volti?"

"Nakwambia redio ya—"

Kasha likamkatiza. Lilikohoa kwanza, kikohozi kidogo anachokohoa Volti akitaka kudanganya, halafu likasema kwa sauti ya Volti mwenyewe, neno kwa neno: "Shemeji, imeungua. Majivu matupu. Pole sana."

Mke hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Aliokota shati, akaona ni la mumewe, akaliweka pembeni kwa vidole viwili.

"Dada yangu alikushukuru mbele yangu," akasema taratibu. "Na mimi siku ile nikajisikia nimeolewa na mtu."

Volti, ambaye mdomo wake ungeweza kuendesha jenereta, alibaki anazungusha waya mkononi.

Ijumaa asubuhi mkewe akamleta mganga, mama mmoja mnene anayefua mashuka ya hospitali, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Alivua viatu mlangoni, akaomba pa kuchajia simu, akaliona kasha mezani, akairudisha simu kwenye mkoba.

"Hapana. Itakaa hivyohivyo."

Hakuchoma kitu, hakunyunyiza kitu. Aliweka sikio kwenye bati la kasha kama anayesikiliza tumbo la mjamzito.

"Kulikuwa na nini humu?"

"Sauti za marehemu," Volti akajibu.

"Ukazifanya nini?"

"Nilizifuta."

"Ukaweka nini badala yake?"

"Sikuweka kitu, mama. Niliacha tupu."

Mganga akavaa miwani ili amtazame vizuri. "Umemhamisha mtu, ukaacha nyumba milango wazi. Ulidhani ataingia nani, posta? Marehemu amelala zake, hana habari na wewe. Huyu ni jini. Amekuta ukutani alama za aliyehama, anazifuatisha kwa kidole."

"Mfukuze basi, mama!" mke akasema.

"Kumfukuza ni kazi ya dakika kumi. Lakini simfukuzi kwenye nyumba ya mtu kwa ruhusa ya mwizi." Alilisema neno hilo bila ukali, kama anayetaja kazi ya mtu. "Mwenye mali aje, aseme toka kwa mdomo wake."

Volti akajikuna shingo. "Mama, hatuwezi kumfukuza kwanza, halafu shemeji nikamweleza polepole, baadaye baadaye?"

Ndani ya kasha kitu kikavuta pumzi.

"Piga simu," mganga akasema.

Alipiga. Simu ile nyepesi siku hiyo ilikuwa na uzito wa tofali. Mjane alifika baada ya nusu saa, kitambaa kichwani kimekaa upande, akauliza nani anaumwa. Volti akasimama mbele yake, akainama mpaka ukadhani anatafuta sindano sakafuni.

"Shemeji, ile kompyuta yako... unajua vifaa hivi... kuna vipande kwa bahati vilipata nafuu kidogo—"

"Sema," mkewe akamwambia.

"Haikuungua." Alitamani sakafu ifunguke, aanguke ghorofa tatu mpaka chini kwenye mabomba. "Ulikuwa waya tu. Nilivitaka vifaa, shemeji. Sauti nikaifuta."

Mjane alikaa. Alitazama mikono yake, ile miwili, kama inamuuliza ilishukuru kwa ajili gani. Alikuwa bado anaitazama wakati feni zilipoanza, waya ukiwa bado umeviringwa mezani.

"Bi Funguo," sauti ikaita. "Umeziacha kwenye friji tena."

Mjane akacheka. Kicheko kilimponyoka tu, kifupi, cha mtu aliyetekenywa, na kilitisha chumba kile kuliko kilio. Jina hilo hakuna aliyelijua. Lilikuwa la chumbani, la yeye na mumewe tu.

"Mama, si yeye, ni jini," mganga akasema haraka.

"Najua si yeye."

"Basi sema toka. Mwenye nyumba aliyoingia ni wewe. Neno moja tu, mimi namalizia."

Mjane akaweka kiganja juu ya kasha. "Juzi nilijaribu kukumbuka anavyomwita mtoto, nikashindwa. Nilikaa bafuni saa nzima najaribu. Miezi mitano tu, na ananitoka kidogokidogo kama maji kwenye ndoo mbovu."

"Kinachovaa sauti ya mtu hakitosheki na sauti, mwanangu."

"Umesema mwenye nyumba ni mimi?"

"Ni wewe."

"Basi akae."

Mganga alivua miwani, akaenda kuvaa viatu. Mlangoni alisimama karibu na Volti, akamnong'oneza, "Ungempa ile ya kweli, hii angeifukuza mwenyewe." Akashuka ngazi bila kuaga.

Volti aliibeba kompyuta mwenyewe. Mitaa miwili, mchana kweupe, kasha limekumbatiwa kifuani. Jirani muuza magodoro akapaza sauti, "Imepona hiyo? Inakwenda kutembea?" na Volti, ambaye kwa kawaida angemrudishia maneno ya kumtosha hadi mwaka ujao, alipita akitazama vidole vya miguu yake. Kasha lilikuwa na joto. Kila alipopandisha pumzi, nalo lilipandisha.

Akaifunga kwa shemeji, kwenye meza ileile ya marehemu pembeni ya kitanda cha mtoto. Akachomeka waya, akabonyeza. Iliwaka kwa jaribio la kwanza. Haikuzima, haikusita, kioo kikang'aa. Katika maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kufanya kazi safi namna ile, na hakuna aliyempigia makofi.

Mwenyekiti alirudi kutoka shule saa tisa, begi mgongoni, viatu vyeusi vyenye vumbi. Sauti ilipomwita hakushtuka wala hakuuliza. Alikaa sakafuni, akakunja miguu, akasema, "Baba, umechelewa sana."

Sauti ikaanza kumhadithia, na mwanzoni kila kitu kilikuwa sawasawa, mjane ameegemea ukuta amefumba macho, midomo inamchezacheza, lakini Volti aliyekuwa anakusanya bisibisi zake akaona hadithi ile haina wanyama wala wafalme, ni habari ya nyumba tu, nyumba kubwa yenye vyumba vingi, aliyekuwa akikaa humo amehamishwa na vyumba vyote ni vitupu, na kila kikitajwa chumba, taa ya bluu inafifia na mtoto anasogea mbele kidogo, kidogo tena, mpaka pumzi ya feni ikawa inavuta nywele zake kuelekea kwenye matundu.

"Shemeji," Volti akanong'ona. "Zima. Nakuomba, izime."

Mjane akafumbua macho. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

"Uliniambia imekufa, nikakuamini. Leo unaniambia ni mbaya." Akamfungulia mlango. "Nikuamini lipi?"

Volti alikuwa na maneno elfu kumi, kila moja alishalitumia kwa uongo. Akaokota begi lake, akatoka.

Alishuka ngazi kumi na mbili. Ya kumi na tatu hakuikanyaga, maana kwa juu, kupitia dirisha dogo la korido, aliisikia ile sauti ya chini, ya uchovu wa safari, ikiuliza kitu. Swali lenyewe hakulisikia. Alisikia jibu la mtoto, la furaha, la haraka:

"Ndiyo, baba! Ngoja nivue viatu."

Begi liliporomoka mpaka chini, bisibisi zikatawanyika, yeye akawa anapanda ngazi tatutatu, akaupiga mlango kwa ngumi zote mbili, akaita jina la mtoto mpaka milango ya majirani ikafunguka. Mjane akamfungulia, machozi mashavuni na tabasamu juu yake.

"Umesahau nini, shemeji?"

Volti akachungulia juu ya bega lake. Kompyuta ilikuwa inanguruma taratibu, imetulia kama paka aliyeshiba. Sakafuni mbele yake vilikuwa viatu viwili vyeusi vyenye vumbi, vimepangwa vizuri, soksi zimeingizwa ndani, ncha zinatazama kwenye kasha.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mbona unanitisha?" mjane akasema. "Si yupo na baba yake."