Kona Ambayo Baotian Hakuitwa

Maiti ya Ju Baotian ilikuwa chini ya mawe katika njia ya mashariki ya mgodi wa makaa ya mawe, buti moja tu likionekana.

"Dari imeanguka," alisema Lei Dequan, nyapara. "Mkaa hauna urafiki, bwana inspekta."

Mawe yalipoondolewa, daktari wa polisi alimulika uso wa marehemu. "Puani hamna vumbi, kooni hamna. Mawe yalipomwangukia alikuwa ameshakata roho. Na hili jeraha la kisogoni ni la kitu chenye ncha."

Inspekta Hou aliinama akaliangalia jeraha. Mauaji, basi.

Wanne walibeba machela, Lei akitangulia, Hou akifuata nyuma. Hou alikuwa mtoto wa mchimbaji wa hukohuko jimboni Shanxi, China, na desturi aliijua: anayefia chini huitwa jina na anayetangulia machela, kuanzia pale pumzi ilipomtoka, kona hadi kona, mpaka juu, roho yake isipotee gizani. Mbele za watu Hou husema haamini mambo hayo. Lakini baba yake hakuitwa, na mpaka leo Hou halali taa ikiwa imezimwa.

Pale penye mawe, Lei hakuita. Kona ya kwanza, kimya. Wabebaji wakatazamana.

Walifika kwenye njia panda, penye njia ya zamani iliyozibwa kwa mbao kwa amri ya wilaya. Lei akasimama, akazigeukia zile mbao.

"Baotian, toka humo! Tunakwenda nyumbani. Kata kushoto, mwanangu."

Hou akaelewa: pumzi ilimtoka humo. Alingoja machela ipite, akazing'oa mbao. Misumari ilikuwa mipya. Nyuma ya mbao kulikuwa na mkaa uliokatwa juzijuzi, sululu, na damu.

Juu, ofisini, Hou hakumzungusha Lei.

"Njia ile ilifungwa. Nani anachimba mle?"

"Sote."

"Na Baotian?"

"Alinusa gesi. Akasema anakwenda wilayani kutusema."

"Ukamuua."

"Nilimsihi kwanza! Mjini viwanda vinaota kama uyoga, vyote vinataka umeme wa mkaa, lakini kibali cha kuchimba sasa ni cha migodi mikubwa tu. Sisi wadogo tunafungwa kila kukicha. Kijiji kizima kitakula nini? Akanipa mgongo. Sululu nilikuwa nayo mkononi."

"Ungeanza kumwita kule kwenye mawe, nisingejua kitu."

"Unadhani sikulijua hilo?" Lei alilia waziwazi. "Kazi nimemfundisha mimi. Nimwache mle peke yake? Ila kona ya mwisho kwikwi ilinibana, sauti haikutoka. Yuko pale, inspekta. Amesimama pale, hajui pa kwenda."

Mama yake Baotian alikuwa mlangoni, ameshika bakuli la tambi alizomwandalia mwanawe, zimeshapoa. Alikuwa amesikia yote. Hakumtazama Lei.

"Wilaya ikisikia haya, mgodi wanauziba lini?"

"Kesho, mama. Kwa zege."

"Basi niteremshe."

Mwanamke hashuki mgodini; wachimbaji huona ni mkosi mkubwa. Siku hiyo wote langoni walivua kofia, wakampisha.

Kwenye kona ya mwisho Hou alishika taa. Aliogopa kama alivyoogopa utotoni.

"Baotian," mama aliita, polepole, kama anayemwamsha mtoto. "Kulia, mwanangu. Inamisha kichwa, dari iko chini."

Hou alijibana ukutani, akaacha nafasi ya mtu kupita.