Ngoma Bila Fahali

Kila Jumamosi asubuhi Muhonja alifunga safari ya kwenda mjini Kakamega. Hakuwa na biashara huko. Hakuwa na mgonjwa wa kutazama. Alikuwa akikimbia ngoma.

Kwao Iguhu, Jumamosi fahali hupiganishwa. Vijana humsindikiza fahali wao barabarani kwa filimbi na ngoma za isukuti. Miaka miwili iliyopita fahali mmoja aliwaponyoka, akamrusha Muhonja juu pamoja na mzigo wake wa kuni. Bega lilivunjika. Lilitibiwa, likapona. Lakini tangu siku hiyo, ngoma ikilia tu, hata ya kanisani, moyo humwenda mbio, miguu humlegea, na mara hujikuta chini ya kitanda. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili, chini ya kitanda! Alikuwa amechoka kabisa.

Washauri walimchosha zaidi. Mmoja alimwambia atie pamba masikioni. Mwingine alimwambia imani yake ni haba. Mumewe, Elkanah, hakumshauri kitu. Yeye alimwitia bodaboda kila Jumamosi, kisha akabaki nyumbani kukamua ng'ombe.

Sasa binti yao Sylvia alikuwa anaolewa. Zilibaki wiki nane. Mama ndiye angemshika binti mkono na kumtoa nyumbani, na isukuti ingewaongoza.

"Si tuite tu DJ?" Elkanah alisema.

"Harusi ya mtoto wa Iguhu bila isukuti? Watu watatuonaje?"

"Sasa utamtoa aje, Mama Sylvia? Ukiwa chini ya kitanda?"

Muhonja alijua amesema kweli. Hilo ndilo lililomkera zaidi.

Jumamosi iliyofuata alifika mtaa wa Shieywe, kwa mdogo wake Emily, akiwa amenuna. Alimkuta Emily mlangoni akichambua mboga na jirani yake, Chepng'etich. Chepng'etich ni muuguzi wa afya ya akili.

"Mama, kila Jumamosi nakuonanga hapa," Chepng'etich alimwambia. "Kwani unauzanga nini?"

"Nauza uoga," Muhonja alijibu kwa ukali. Kisha akaeleza yote. "Sista, najua ngoma haiumi mtu. Mimi si mjinga. Lakini huu mwili hausikii! Nakasirika mpaka nataka kulia."

"Si ujinga, mama, na si kukosa imani. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna sehemu ndogo kama njugu mawe. Inaitwa amigdala. Hiyo ndiyo inajifunzanga hatari. Iko na seli nyingi, na kazi zao hazifanani. Kuna seli za kuchochea. Hizo zikipata habari ya hatari, zinaamsha zingine, mpaka amri ifike kwa moyo na miguu: kimbia! Halafu kuna seli za kuzuia. Hizo zinatuliza zile za kuchochea."

"Basi zangu za kuzuia zimelala."

"Hapana. Kuna zingine tena, kazi yao ni kuzuia hizo za kuzuia."

Emily aliacha mboga. "Ati nini? Zinazuia wazuiaji? Hiyo ni serikali gani?"

Chepng'etich alicheka. "Ni ya maana sana. Hatari ikija kweli, watulizaji lazima wanyamaze kwanza. La sivyo mama angesimama pale ametulia, na fahali anakuja. Sasa siku ile, ngoma na maumivu vilifika pamoja. Seli zikaungana, zikafanya njia moja. Leo ngoma peke yake inatosha kuamsha njia yote. Hata haikungojei ufikiri."

"Basi nifutie hiyo njia, sista."

"Haifutiki hivyo. Lakini hapo hapo kuna seli zingine zinazojifunza usalama. Zikisikia ngoma mara nyingi bila fahali, zinaungana na zile za kuzuia, na uoga unashuka. Shida ni moja, mama. Zitajifunza lini? Ngoma ikilia, wewe uko Shieywe."

Muhonja alipiga hesabu. Miaka miwili ya vumbi la barabarani! Miaka miwili Elkanah akikamua peke yake! Kumbe walikuwa wakiulisha uoga huo huo.

"Na hakuna mtu alituambia!" alifoka.

Jumatatu yeye na Elkanah walienda kliniki. Chepng'etich alifungulia sauti ya isukuti kwenye simu, chini kabisa. Muhonja alitetemeka, akashika kiti.

"Usitoke," muuguzi alisema. "Kaa nayo mpaka moyo ushuke wenyewe."

Ilichukua karibu nusu saa, lakini ulishuka. Basi wakaagizwa kufanya hivyo nyumbani kila siku, wakiongeza sauti kidogo kidogo, na kurudi kliniki kila wiki. Elkanah ndiye aliyeshika simu, na hapo vita vikaanza.

"Baba Sylvia! Umezima tena!"

"Ulikuwa unatetemeka."

"Wacha nitetemeke! Sista alisema seli zisome. Wewe unazifukuza shule!"

Wiki ya tano jirani alikubali kupiga ngoma yenyewe, kwanza ng'ambo ya shamba, kisha karibu na ua. Siku moja filimbi ilipulizwa ghafla, na Muhonja akajikuta tena chini ya kitanda. Alilia kwa hasira.

"Njia ya zamani bado iko," Chepng'etich alimwambia. "Siku zingine itakushinda. Tunarudia tu. Na fahali mwenyewe, mama, endelea kumwogopa. Huyo mpishe mbali."

Siku ya harusi ikafika. Muhonja alimshika Sylvia mkono sebuleni, wakangoja. Nje kimya. Alichungulia dirishani. Wapiga ngoma walikuwa wameketi mbali, kule migombani, ngoma zao chini.

"Nani amewaambia wakae huko?"

Elkanah alitazama viatu vyake. "Ni mimi. Nilionelea leo tusijaribu."

"Elkanah! Mtoto wangu atoke kimya kama anaibwa?" Alifungua mlango kwa kishindo. "Nyinyi vijana! Mmekuja kupumzika? Kujeni hapa mpige!"

Wakaja, wakapiga. Moyo wa Muhonja uliruka. Alisimama kizingitini, akashikilia mkono wa binti yake, lakini hakurudi ndani.

"Mama, tuwaambie waache?" Sylvia alinong'ona.

"Hapana. Ngoja kidogo."

Ngoma zililia. Hakuna fahali aliyekuja. Polepole moyo ulishuka, na Muhonja akapiga hatua ya kwanza. Walitembea hadi katikati ya kiwanja, ngoma zikiwa karibu nao kabisa, na hapo akauachilia mkono wa Sylvia kwa mkwewe aliyekuwa akiwangoja. Machozi yalimtoka. Alilia kama mama yeyote anayemtoa binti yake.