Mzigo wa Vitalia

Jua lilikuwa linazama upande wa Malawi nilipofika katika kijiji kimoja cha ufukweni mwa ziwa, kusini mwa Mbamba Bay, kununua pawa saplai. Safari yenyewe ilikuwa ya kawaida. Mdogo wangu Vitalia alikuwa na chumba cha kuchapa karibu na soko la Mbinga, na kompyuta yake ndiyo iliyochapa mitihani ya shule za Kigonsera na kadi za harusi za nusu ya wilaya. Jioni moja umeme wa mji ulirudi kwa kishindo, na kile kisanduku cha chuma kinachoilisha kompyuta umeme, yaani pawa saplai yake, kikatoa moshi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea umeme chuo kikuu, kazi ya kutafuta kingine ikawa yangu.

Miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa wazi, na vitu viliingia kutoka kila upande, vingi vikiwa vya bandia. Kwa hiyo nilikuwa na utaratibu nisiouvunja. Kwanza nilikipima kisanduku mkononi, kwani kizuri huwa kizito kwa shaba iliyomo ndani. Kisha nilikitikisa, maana wapo waliotia kipande cha zege ili kuudanganya mkono. Halafu nilikinusa kama kimewahi kuungua, nikachungulia kapasita zake, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, kama vichwa havijavimba. Mwisho nilikijaribu kikiwa na mzigo. Mzigo, kwetu mafundi, ni kitu chochote kinachokula umeme: taa, feni, pasi. Pawa saplai yenye mzigo mdogo hukuonyesha namba nzuri za uongo. Ibebeshe, ndipo utaijua.

Muuzaji aliitwa Mzee Cleopa. Nyumba yake ilinuka usipa, wale samaki wadogo, waliokaushwa, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, kama ya nywele zilizoungua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ninyi Wamatengo wa Mbinga mnatikisa kila kitu, utadhani mnanunua mayai."

"Mayai viza hayachomi nyumba, mzee."

Alicheka bila kutoa sauti. Akaleta kisanduku cheusi kisicho na nembo. Kilikuwa kizito kuliko vyote nilivyowahi kushika. Nilikitikisa; kimya. Nilikinusa, hakikuwa na harufu yoyote, hata ya chuma. Nikatoa mita yangu na balbu ya gari, nikaviunganisha na nyaya zake.

"Naomba uwashe jenereta," nilisema. "Nataka kuijaribu ikiwa na mzigo."

"Mzigo wa nani?"

Nilidhani ananiuliza jina la mwenye kifurushi, ili aliandike juu kwa mkaa kama wafanyavyo wote wanaopakia bidhaa kwenye malori ya kupanda Mbinga. Sikusita.

"Wa mdogo wangu. Vitalia Ndunguru."

Hakuchukua mkaa. Aliwasha jenereta, kisha akainama, akaweka mdomo kwenye matundu ya feni ya kile kisanduku, akalirudia jina hilo taratibu.

Balbu ikawaka.

Nilitazama mita. Volti hazikutikisika. Jenereta lilikohoa, likanyamaza kabisa kwa muda, likaunguruma tena. Balbu haikupepesa hata kidogo. Nilimsifu Mzee Cleopa kwa sauti, nikamwambia sijawahi kuona kifaa kinachobeba mzigo namna ile.

"Kitambeba," alijibu.

Niliisikia ile *-m-* katikati ya neno. Nikaihesabu kuwa Kiswahili cha ufukweni.

*

Mwanzoni Vitalia alifurahi. Umeme wa mji ulikatika karibu kila jioni, lakini kompyuta yake haikuzimika. Watu walisimama mlangoni kushangaa. Mama Ottilia, jirani aliyeuza vitambaa chumba cha pili, alimtania kwamba kaka yake amemletea umeme wa peponi. Nami nilieleza, kwa kujiamini, kwamba kapasita kubwa huweza kuhifadhi umeme kwa kitambo.

Kwa kitambo, ndiyo. Si kwa jioni nzima.

Halafu Vitalia akaanza kukonda. Viganja vyake vilikuwa baridi hata mchana. Zahanati walimpima malaria, wakampima damu, hawakuona kitu. Mama Ottilia alinivuta pembeni.

"Baba, umeme ukikatika, huyu mtoto hupoa. Anakodoa macho tu, ukimwita haitiki. Ukirudi, naye anarudi. Kwetu ziwani mtu wa namna hiyo tunamwita ndondocha. Ni mtu anayemfanyia mwingine kazi bila kujijua."

"Ni uchovu, mama."

"Basi njoo uuone uchovu wenyewe."

Nilikwenda jioni hiyohiyo, Mama Ottilia akasimama mlangoni. Vitalia alikuwa anachapa mtihani wa hisabati. Tulikuwa tunazungumza, alikuwa akinicheka kwa shati langu lililokunjamana kana kwamba limepigwa pasi shambani. Ghafla soko lote likawa giza.

Kioo cha kompyuta kiliendelea kung'aa.

Vidole vyake vilisimama juu ya herufi. Macho yalikuwa wazi. Pumzi ilitoka polepole... polepole... kwa mwendo uleule wa mvumo wa feni.

Nilifuata mpangilio ninaoujua. Kwanza nilichomoa waya ukutani. Kompyuta haikuzimika. Nikafungua kasha, nikachomoa nyaya zote zinazotoka kwenye pawa saplai, moja baada ya nyingine. Kioo kikafa. Lakini feni ya kile kisanduku iliendelea kuzunguka.

Nilisimama na nyaya mkononi. Pawa saplai za aina ile hazifanyi kazi bila mzigo. Hujizima au huungua. Hii ilikuwa inazunguka vizuri. Kwa hiyo mzigo ulikuwapo. Na kama umeme hautoki ukutani, unatoka kwa...

Nilimtazama mdogo wangu.

Nikabonyeza swichi ya kisanduku.

Feni ilisimama. Kichwa cha Vitalia kilianguka juu ya meza, na kifua chake kikatulia. Mama Ottilia alipiga yowe. Nikabonyeza tena. Feni ikazunguka, na Vitalia akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

"Kaka Pankras," alinong'ona, "usiizime. Ukiizima, nazimika."

*

Tulimlaza kwenye pikapu ya kuazima, feni ya kisanduku ikizunguka mapajani mwake, nyaya zikining'inia. Mama Ottilia alikaa naye nyuma akisali rozari. Kwa barabara ile ya kushukia ziwani hatukufika mpaka alfajiri. Mzee Cleopa alikuwa ameketi mlangoni, kama mtu aliyeahidiwa wageni.

"Kimekukosea nini? Si ulikisifu mwenyewe?"

"Mwachie, mzee."

"Mimi simshiki. Nilikuuliza mzigo wa nani, ukanijibu. Msomi mzima, tena kwa jina na ukoo."

"Basi nasema hakina mzigo."

Alinitazama kwa namna ya mwalimu aliyechoka.

"Wewe ndiye fundi. Kisipokuwa na mzigo, kinakuwaje?"

Nilijua. Kinaungua.

"Naye ataungua nacho," alisema. "Taja mwingine. Yeyote. Wapo wazee waliochoka, wapo maadui. Watu wengi hupata jina haraka sana."

Ziwa lilikuwa tulivu kabisa. Mvumo wa feni ulikuwa umeanza kupungua, na Vitalia alikuwa akipungua nao. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mama Ottilia aliacha kusali. Alinitazama, kisha akajifunika uso kwa kitenge, nikafahamu kwamba anaogopa nisije nikalitaja jina lake.

Niliinama. Nikaweka mdomo kwenye matundu ya feni.

"Pankras Ndunguru," nilisema.

Baridi iliingia kupitia meno.

Vitalia aliinuka, akauliza kwa nini tuko ziwani, akaomba uji.

*

Mzee Cleopa alikataa kuniachia kisanduku. Nilipopata nguvu za kurudi, nyumba yake ilikuwa tupu. Wavuvi waliniambia alivuka ziwa na bidhaa zake. Wengine wakasema hapana, zilipakiwa kwenye lori la Songea. Nimetafuta Njombe, nimetafuta Iringa, nimeingia katika kila chumba cha kuchapa kilichoniruhusu. Sijakiona.

Vitalia ameolewa katika kijiji cha Ukata, amenenepa, na hakumbuki chochote.

Mimi huishi bila kujua saa nitakayopoa. Umeme wa Mbinga ukikatika, sihisi lolote. Lakini mchana kweupe, taa zikiwaka kote, hutokea vidole vyangu vikasimama juu ya karatasi. Hapo najua kwamba mahali fulani umeme umekatika, na mtu amekaa mbele ya kioo kinachong'aa akiwaambia wenzake jinsi alivyopata kifaa imara.

Huenda ni wewe. Kama umeme ukikatika kompyuta yako haizimiki, isifu upendavyo. Fanya kazi zako, chapa kadi zako.

Ila nakuomba, usibonyeze swichi.