Bado Mchanga

Ndevu alikutwa saa moja asubuhi, kalala kifudifudi chini ya taa, ndani ya sanduku lake la kioo sebuleni, macho nusu, tumbo gumu kama ngoma. Mwanamke aliyemfuga ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka kwa mama yake, alikokaa wiki nzima. Aliachia begi mlangoni, akapiga ukelele ulioamsha nyumba yao na nyumba ya pili.

"Wameniulia Ndevu wangu!"

Ndevu hakuwa amekufa, ila alikuwa njiani. Alikuwa mjusi wa kigeni wa kufugwa, mwenye miiba kidevuni kama ndevu za mzee, na mwanamke huyo alimpenda kuliko majirani walivyoona inafaa.

Mshitakiwa hakutafutwa mbali. Kule uani alipanga chumba fundi cherehani. Siku za nyuma nyenje, ambao ndio chakula cha Ndevu, walitoroka wakatafuna gauni la bibi harusi, na fundi akaapa mbele ya kadamnasi: "Iko siku huyu mdudu wenu nitamlisha sumu!" Sasa juu ya kabati lake palikutwa kopo.

"Dawa ya nondo hiyo!" fundi alijitetea, jasho likimchuruzika. "Ya kulinda vitambaa!"

"Nondo gani zinatiwa dawa?" aliuliza mwashi, mume wa mwenye mjusi, simu ikiwa sikioni. "Nondo zinapakwa rangi zisishike kutu." Kisha akawageukia wenzake wa kwenye simu: "Eeh, saruji ipo, kokoto zipo. Bado mchanga! Leteni mchanga!"

"Nondo wanaotoboa nguo, baba wewe!" mkewe akamfokea. Akamgeukia fundi. "Na wewe, jua lisizame ukiwa hapa. Wewe na cherehani yako."

Fundi alikaa chini kwenye ngazi kama mzigo ulioteremshwa. Wateja wake wote waliujua mlango ule. Na nani angempelekea kitambaa mtu anayeitwa mtia sumu?

Chai haijachemka, habari ilishafika saluni ya mtaa wa pili, na Shangazi akaingia na kitana bado kimechomekwa nywelini. Alikuwa dada mkubwa wa mwashi, lakini mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wasio na ukoo naye. Alijua nani kachumbia, nani kaachwa, na nani anajifanya hajaachwa.

"Wifi, kimbiza mgonjwa kwa daktari," alisema. "Kulia utalia njiani. Na hilo sanduku la kioo lisiguswe."

Mwenye mjusi akaondoka na Ndevu kifuani. Shangazi akavuta kiti mbele ya mdogo wake.

"Nani alikuwa anamlisha?"

"Mimi, dada. Na daktari wake alipita mara moja kumkagua."

"Sebule inafungwa?"

"Kila nikienda saiti. Ufunguo ninao mimi."

"Wa pili?"

"Mke wangu alisafiri nao."

"Fundi amewahi kuingia humo wiki hii?"

"Aingie wapi? Anamwogopa huyo mjusi kama deni." Mwashi akajikuna shingo. "Labda alipitisha kitu dirishani."

Shangazi akainuka kitini. Waliomfahamu walijua kwamba akiinuka katikati ya maswali, kuna mtu ameshaiva.

Aliinama kwenye sanduku la kioo. Chini palitandikwa vigae, kama siku zote. Lakini wifi yake aliwahi kumweleza saluni, huku anasukwa, kwamba huvigeuza: mgongo wenye mikwaruzo juu, ili Ndevu asiteleze na kucha zipate pa kushika. Leo uso unaong'aa ndio uliokuwa juu. Tena vilipangwa mstari ulionyooka, nafasi sawasawa, utadhani sakafu ya benki. Halafu kwenye kioo, vidole viwili juu ya vigae, palizunguka mstari wa vumbi jeupe pande zote nne, kama alama inayobaki ndani ya ndoo iliyomwagwa maji machafu.

"Humu kulikuwa na kitu kingine," alijisemea. "Kikatolewa kwa haraka."

Simu ikalia. Alikuwa wifi yake. "Kapigwa picha! Hakuna sumu, wifi! Tumbo limejaa mchanga!"

"Basi mlete, na huyo daktari aje naye. Nina swali lake moja."

Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea waliporudi. Daktari wa mifugo alimweka Ndevu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akawa anampapasa tumbo taratibu. Dawa ya kulainisha alishampa. Majirani walijaa mpaka madirishani. Fundi alisimama nyuma, cherehani imeshafungwa kamba.

"Daktari," Shangazi alianza, "ulipopita hapa wifi akiwa safarini, ulimwambia nini huyu mdogo wangu? Neno kwa neno."

Daktari akafikiri. "Nilikagua, nikamwambia: taa ipo, joto lipo, maji yapo. Huyu bado mchanga."

"Haa!" Shangazi akapiga kofi. "Mmesikia? Mtu huyu asubuhi kaambiwa nondo, kasikia vyuma. Kaambiwa taa ipo, maji yapo, bado mchanga. Kafanya nini?"

Watu wote wakamgeukia mwashi. Hata Ndevu alifungua jicho moja.

"Fundi cherehani angetandika vigae vile? Mtu huyo hukata nguo, hajui pimamaji! Kigae kinachong'aa juu, mstari umenyooka: huo ni mkono wa mwashi. Mkono umezoea, haukuuliza. Sema, mdogo wangu, kabla sijakusemea."

Mwashi akatazama viatu vyake. "Nilijua kilichobaki ni mchanga. Nikachekecha mwenyewe, mlaini kama unga. Nilitaka mke wangu akirudi afurahi, maana kila siku ananiambia simpendi Ndevu."

"Nilimaanisha ni mdogo!" daktari akalia. "Ndevu zisikudanganye, huyu ni mtoto! Anaramba kila kitu, anakula nyenje na mchanga pamoja, unamziba utumbo. Wa umri huu ni kigae au karatasi tu."

"Alipoacha kula nikautoa, nikarudisha vigae," mwashi alimalizia. "Na fundi aliposhikwa nikaogopa kusema. Nisamehe, jirani."

Mkewe alivuta pumzi ya kuanza hotuba. Hakuwahi. Ndani ya beseni, Ndevu alikaza mkia, akatetemeka, na maji yakageuka rangi ya saiti.

"Umetoka!" daktari akapaza sauti. "Mchanga umetoka!"

Vigelegele vilivyopigwa pale, harusi nyingi hazijawahi kuvipata. Fundi alikumbatiwa na watu asiowajua. Mwenye mjusi alimwomba radhi hadharani, akaifungua kamba ya cherehani kwa mkono wake. Mwashi akahukumiwa papo hapo kukipiga lipu chumba cha fundi, bure, kuanzia kesho.

Kabla ya hapo alipiga magoti mbele ya sanduku la kioo, akageuza vigae kimoja kimoja, mgongo juu, fundi akimsimamia na kikombe cha chai mkononi.

"Hicho umekipinda," fundi alisema kwa raha zake.

Ndevu akarudishwa chini ya taa. Alishika kigae kwa kucha, akainua kichwa, akapunga mkono mmoja polepole, kama wafanyavyo mijusi wa aina yake.

Mwashi akajifuta jasho. "Haya. Vigae vipo, taa ipo, maji yapo. Bado..."

"Nyamaza!" nyumba nzima ikampigia kelele.