Spana Hapiti Geti la Nyuma

"Spana, uko wapi?"

"Saluni. Si ulinituma mwenyewe?"

"Magari hayawaki."

"Gari lipi?"

"Yote sita. Watu wamejaa uwanjani, tiketi wanazo mikononi, na hakuna hata moja linalounguruma."

Nikamwambia msusi asubiri kwanza. Alikuwa amefika katikati ya kichwa. Upande wa kulia mistari imelala vizuri, upande wa kushoto nywele zimesimama timutimu kama nimetoka kugombana na mtu. Nikajiona kwenye kioo na simu sikioni, na hasira niliyokuwa nayo tangu jana ikapanda upya.

Ngoja niwaeleze hiyo hasira. Mimi ni fundi wa magari. Jina la Spana nilipewa gereji na nimelizoea kuliko la nyumbani. Aliyekuwa kwenye simu ni mchumba wangu, daktari wa watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Mama yake ndiye mwenyekiti wa kamati iliyoandaa siku hiyo. Wenye magari ya zamani wanayaleta uwanja wa hospitali, anayetaka anakata tiketi, anazungushwa raundi moja barabarani, na kinachopatikana kinanunua mashine za kuwapa joto hao watoto. Jambo zuri, sina ugomvi nalo. Wiki tatu nililala chini ya hayo magari kila nikitoka kazini, bila kudai hata soda, mpaka yote sita yakawa yanawaka kwa kugusa tu.

Halafu jana Daktari akanijia gereji, mikono mfukoni.

"Mama anaomba kesho uje kama mgeni," alisema.

"Mgeni wa nani?"

"Wangu. Usuke, uvae gauni, ukae meza yetu. Wakikuuliza unafanya kazi gani, sema unauza vipuri."

"Siuzi vipuri."

"Najua, mpenzi. Ni siku moja tu. Kuna wakubwa watakuja, mama anaona aibu kidogo."

"Na wewe?"

Alitazama kucha zangu, kisha akatazama pembeni. Asubuhi nikaenda saluni kwa sababu nampenda, msinicheke. Lakini moyoni nilijua nikikubali kuwa muuza vipuri leo, nitakuwa muuza vipuri mpaka nizeeke.

Nikarudi kwenye simu.

"Jana jioni yote yaliwaka. Leo yamefanywa nini?"

"Hakuna kitu. Mama alileta tu watu wa kuosha magari, wakayaosha yakang'aa."

"Wameosha nje tu?"

"Sijui. Nilikuwa wodini."

"Nakuja."

Nikakata. Sijavua hata kile kitambaa cha shingoni, meseji ikaingia: "Mama anasema upitie geti la nyuma, wageni wameanza kufika. Nakupenda."

Nikamjibu: "Napita la mbele. Na nakuja na ovaroli."

Msusi, ambaye ni shoga yangu tangu shule, alikuwa anasoma juu ya bega langu bila aibu.

"Unaondoka na nusu kichwa?"

"Nusu nyingine utanimalizia baadaye. Niazime draya yako ya mkono. Na ile waya ndefu ya umeme."

"Draya utaifanyia nini uwanjani?"

"Twende ukaone."

Akafunga saluni, akanifuata, gereji kwanza nilikovaa ovaroli na buti, kisha hospitali. Hakuwa tayari kusimuliwa.

Getini mlinzi akanyoosha mkono.

"Mafundi wanapita nyuma."

"Nani kasema?"

"Mwenyekiti."

"Mimi ni mchumba wa mtoto wa mwenyekiti."

Akanitazama kuanzia buti, akapanda na ovaroli, akaishia kichwani.

"Kwa nywele hizo?"

"Kwa hizi hizi. Fungua."

Akafungua, nadhani zaidi kwa kunihurumia.

Uwanjani foleni ilikuwa imejikunja mara mbili. Wapo mabibi na wajukuu, wapo wauguzi waliotoka zamu, wapo wazazi waliobeba watoto waliowahi kulala kwenye wodi ile ile. Magari yamepangwa mstari mmoja, mekundu, ya kijani, moja jeupe lenye taa za mviringo, yote yanameremeta na yote yamekufa. Mama mkwe wangu mtarajiwa alikuwa jukwaani na kofia pana na kipaza sauti, anawaambia watu wavumilie kidogo. Aliponiona, aliteremka haraka.

"Binti, tulikubaliana nini?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza tulikubaliana nini."

"Mimi sikukubaliana na kitu. Naomba kufungua boneti."

Nikafungua la kwanza. Injini ilikuwa safi kama sahani, na maji yalikuwa bado yanadondoka.

"Nani ameosha injini?"

"Mimi niliagiza," mama akasema. "Siwezi kupandisha wageni kwenye magari yaliyojaa weusi ndani. Wamepiga pampu ya maji, ndani na nje."

"Nilibandika karatasi ndani ya kila boneti, mama. Nimeandika kwa herufi kubwa, USIMWAGE MAJI HAPA."

"Niliona. Nikazibandua."

"Kwa nini?"

"Zilikuwa na alama za vidole vya grisi."

Msusi akageuka upande wa pili kuficha kicheko. Mimi sikucheka. Kwenye magari haya ya zamani, umeme wa kuwashia unapita kwenye kikombe kidogo cha plastiki, na maji yakiingia humo utapiga stata mpaka betri ife. Wiki tatu zangu zilikuwa zimeoshwa pamoja na alama za vidole vyangu.

Daktari akaja anakimbia, shati jeupe, kadi ya hospitali inaning'inia kifuani.

"Mpenzi, asante kwa kuja. Unaweza?"

"Naweza. Watoto hawajanikosea kitu. Wewe na mimi tutaongea baadaye."

Tukavuta umeme kutoka jukwaani. Nikafungua kikombe cha kwanza, nikakifuta, msusi akashika draya, tukaanza kukausha. Watu kwenye foleni wakasogea kuangalia, na simu zikatoka mifukoni. Mtoto mmoja akamuuliza bibi yake kama gari nalo linasukwa.

Hapo ndipo mgeni rasmi akafika, mama mmoja mtulivu mwenye miwani. Akasimama karibu yetu, akatazama kazi kwa dakika nzima.

"Huyu fundi ana mikono mizuri," akasema. "Mmempata wapi?"

Nikanyanyua kichwa. Daktari alikuwa amesimama kati ya mgeni na mama yake. Nilimtazama machoni, sikumkonyeza wala kumsaidia. Neno moja tu lilitosha.

"Ni fundi wa kukodi," mama akasema.

Daktari akaangalia viatu vyake, na akanyamaza.

Iliniuma, sitaficha. Iliniuma mpaka masikio yakapata moto. Lakini sikuwa na nia ya kulia mbele ya kofia ile. Kazini sivai pete, fundi yeyote anajua kwa nini, hukawii kuunguzwa na betri. Yangu huwa naiweka kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli. Nikaitoa, nikaiweka kwenye kiganja cha Daktari na grisi yake yote.

"Hii yako, Daktari."

"Spana, ngoja..."

"Fundi wa kukodi halipwi kwa pete. Shoga, lete draya, twende gari la pili."

Sikugeuka nyuma. Gari la kwanza likawaka kwa kikohozi kimoja, foleni ikapiga makofi. La pili likafuata, na la tatu. Kufika la sita, la kijani, mzee mwenye gari hilo alikuwa anatabasamu tu.

"Binti, umelifufua wewe, liendeshe wewe," akanipa funguo. "Mimi leo nitapiga picha."

Nikaliendesha. Nilipakia bibi aliyepunga mkono njia nzima kama yuko kwenye msafara wa rais. Nikapakia muuguzi aliyesinzia kabla hatujamaliza kona ya kwanza. Nikampakia baba mmoja na binti yake wa miaka sita. Akaniambia binti huyo alizaliwa na uzito wa mkate, na aliyemtoa salama ni daktari mmoja kijana asiyetetemeka mikono kamwe. Nikabadili gia, nikawaza mtu asiyetetemeka mbele ya kifo anavyoweza kutetemeka mbele ya mama yake.

Niliporudi raundi ya saba, nikamwona. Alikuwa kwenye foleni juani, tiketi mkononi, nyuma ya watu kama thelathini. Shati jeupe lilikuwa na doa jeusi kifuani, kwenye mfuko alipoweka pete.

Kipaza sauti kikaita.

"Daktari anaombwa jukwaani kwa picha na mgeni rasmi."

Hakutoka. Mama akateremka na kipaza sauti chake, akamfuata kwenye foleni, na kwa hasira akasahau kukizima. Uwanja mzima ukasikia.

"Unafanya nini hapa?"

"Nipo foleni, mama."

"Mtu anakusubiri kwa picha."

"Atanisamehe. Namsubiri mchumba wangu amalize raundi."

"Mchumba gani?"

"Yule fundi. Mwenye nusu kichwa. Hauzi vipuri wala hajakodiwa. Magari haya yote ameyatengeneza yeye, bure, wiki tatu. Nilipaswa kumjibu mgeni pale pale, nikaogopa. Sasa nasema."

"Shusha sauti."

"Kipaza sauti umekishika wewe, mama."

Foleni ikapasuka kwa kicheko. Wakaanza kumsukuma Daktari mbele, pita, pita, na yeye akakataa. Alisubiri zamu yake, zaidi ya saa nzima, mpaka shingo ikaiva kwa jua. Nilimwona kila raundi, na kila raundi nikajifanya simwoni.

Mwishowe akafungua mlango, akaketi pembeni yangu, akanipa tiketi.

"Raundi moja," nikasema.

"Raundi moja."

Tukatoka getini, lile la mbele. Mlinzi akapiga saluti.

"Kwa nini ulinyamaza?" nikamuuliza.

"Woga. Sina neno zuri zaidi."

"Jana gereji je? Ulitazama kucha zangu."

"Nilitazama. Nikaona aibu, halafu nikaionea aibu hiyo aibu, nikaondoka. Nisamehe."

"Sikiliza, Daktari. Mimi grisi haitoki. Nikiolewa itakuwepo, nikizaa itakuwepo, kwenye picha za ukutani itakuwepo. Ukinyamaza tena siku moja, sitarudisha pete, nitaondoka nayo nikaiuze."

"Uiuze tu."

"Nitaiuza kweli."

"Najua. Ndiyo maana nimesimama juani."

Nikakata kona ya mwisho polepole kuliko ilivyohitajika. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akafungua kiganja. Pete ilikuwa pale, grisi yake yote, hakuifuta.

"Nikuvishe?"

"Sivai pete kazini. Irudishe mfukoni."

Akairudisha kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli yangu, akafunga kifungo, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka.

Tuliporudi, mama yake alikuwa anatusubiri. Kofia ameivua. Akafungua mkoba, akatoa karatasi sita zilizokunjwa, zile zangu, alama za vidole na kila kitu.

"Nilidhani nimezitupa," akasema. "Hizi unazibandika wapi?"

"Ndani ya boneti, mama. Upande wa kushoto."

Akaibandika ya kwanza mwenyewe, akaigandamiza kwa kidole gumba. Akakitazama kidole. Nikamnyooshea kitambaa, akakataa kwa kichwa, akaenda gari la pili.

Alipomaliza la sita akanigeukia.

"Harusini usije na ovaroli."

"Hilo siahidi, mama."

Akanyoosha mkono wake mchafu, akanigusa upande wa kichwa ambao haujasukwa.

"Basi angalau umalizie hizi."

Nikafunga boneti. Foleni ilikuwa bado ndefu.