Shahamu Juu ya Chaza

Kila bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mashua ya Bwana Famau hulazwa mchangani pale Mbwajumali ili isafishwe tumbo kabla maji hayajarudi. Siku hiyo kulikuwa na haraka. Mama yake, Bibi Mwanamkisi, alikuwa na homa kali na mguu uliovimba. Alitakiwa kupelekwa kwa mashua hiyo hospitali ya Amu maji yakijaa tu, kwani yakipwa mkondo haupitiki.

Bwana Famau aliunguza mbao kwa makuti makavu ili kuua wadudu wanaotoboa. Binti yake Swafiya, wa miaka kumi na miwili, na Gharib, binamu ya Swafiya, wakakwangua chaza na mwani, kisha wakapaka shahamu, yaani chokaa iliyopondwa na mafuta ya ng'ombe. Karibu na mkuku, ule uti wa chini wa mashua, chaza walikuwa wamerundikana. Walimkata Swafiya kidole, akachoka, akawapaka shahamu hivyo hivyo. Mashua ikawa nyeupe yote.

Maji yakaanza kurudi. Bibi akaletwa pwani juu ya kitanda. Swafiya akamnong'oneza Gharib alichofanya.

"Nyamaza," Gharib akamwambia. "Kazi ikianza upya, Bibi atangoja hadi kesho."

Swafiya aliogopa kusema, akaogopa kunyamaza. Maji yalikuwa yamebakisha hatua ishirini kuifikia mashua.

"Baba, kuna mahali sikukwangua. Nilipaka tu."

Bwana Famau alichukua tezo akapiga pale alipoonyeshwa. Chini ya chaza moto haukuwa umefika, na wadudu walikuwa wameutafuna ubao hata kidole gumba kikaingia chote. Mashua ingezama nao njiani. Alishindilia pamba yenye mafuta, akapigilia kipande cha mbao, huku Swafiya akimpa misumari. Msumari wa mwisho ulipoingia, maji yalikuwa yakimlowesha miguu. Mashua ikaelea, Bibi akaondoka.

Bamvua iliyofuata Bibi alirudi akitembea kwa mkongojo. Alimkuta Bwana Famau bado amenuna.

"Ungesema umekatwa, ningekwangua mwenyewe," Bwana Famau akamwambia Swafiya. "Kuchoka si kosa. Kosa ni kuufunika ubovu."

"Mwate mtoto, Famau, usimlaumu," Bibi akasema. "Mimi nami naliuficha mguu siku nane, na nyote mwaniita mtu mzima. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwenzangu huyu alisema mapema, ndiyo maana nimefika Amu."

Swafiya akaokota kikwangulio chake. Mara hii alianzia mkukuni.