Hadithi Iliyoachwa Mezani

Wa kwanza kumpa Kimya habari za shindano alikuwa Bi Mkasi, mkataji wa vitambaa katika karakana ya sare za shule, na alimpa habari hizo huku akichana karatasi ya kaki, ile wanayochorea vipimo.

"Kazi imepoa," alisema Bi Mkasi. "Shule zimefungwa, oda hakuna, na mimi sitakaa hapa nikimsikiliza Kasuku akisengenya mtaa mzima. Kila mtu ataandika hadithi. Jumamosi tunasomeana, mshindi anachukua kile kipande cha mahameli kilichobaki. Haya, kila mtu karatasi yake."

Akagawa. Moja yake mwenyewe, moja ya Kasuku mshona kola, moja ya Kimya mshona mikono. Mkononi ikabaki moja.

"Umechana nne, bibi," Kasuku alisema. "Au unamwandikia na mumeo huko aliko?"

"Marehemu hakujua kuandika hata jina lake." Bi Mkasi aliitazama ile karatasi kama mtu aliyekuta mguuni kiatu kisicho chake. "Ajabu. Mimi sikuhesabu karatasi, nilihesabu watu."

Akaiweka juu ya cherehani mbovu ya pembeni, iliyokatika mkanda siku nyingi, na kazi ikaendelea. Hakuna aliyeuliza baadaye ilikwenda wapi.

Jina la Kimya alipewa na Kasuku, kwa sababu siku ya kwanza kazini alisalimia kwa kichwa. Alikuwa mama kijana, mtoto wake wa kwanza bado ananyonya, na mume wake dereva wa malori anayefika nyumbani kama mgeni. Shule aliishia ya msingi. Lakini huko insha zake mwalimu alizisoma mbele ya darasa, Kimya akiwa ameinamia dawati, masikio yakiwaka moto. Aliposikia neno shindano, moyo ulimruka. Hakutamani mahameli. Alitamani, walau mara moja, watu wanyamaze ili yeye asikike.

Katika karakana ile shati halikuwa la mtu mmoja. Bi Mkasi alikata akasukuma mbele, Kasuku akatia kola akasukuma, Kimya akatia mikono. Aliyemaliza sehemu yake aliiweka kazi kwenye ncha ya meza na kusema, "Mimi nimeishia hapa, mwenye zamu achukue." Ukishasema hivyo huigusi tena. Na yule anayefunga uzi wa mwisho ndiye anayeitoa kazi nje, kwa mteja. Waliyasema maneno hayo kutwa nzima bila kuyafikiria, kama mtu anavyosema pole.

Saa ya chakula wenzake walitoka, Kimya akabaki. Mwanawe alikuwa amelala chini ya meza ya kukatia, ndani ya boksi lililojazwa vipande laini vya kitambaa. Kimya alichonga penseli, akaandika: *Mama mmoja alimlaza mtoto wake chini ya meza, kisha akageukia kando.*

Akakwama hapo.

Alijaribu kumpa yule mama safari, akafuta. Alijaribu kumletea mwizi, akafuta. Kesho yake vilevile, na siku iliyofuata. Kila alipofika kwenye yale maneno "akageukia kando", kichwa kilikuwa kitupu. Kasuku alikwishaanza kutamba kuhusu hadithi yake ya ng'ombe mwenye wivu. "Kimya, wewe umefika wapi?" alimuuliza. "Au yako ni ya bubu?"

Mchana mmoja, mtoto alikuwa amelia tangu asubuhi na ndiyo kwanza amesinzia. Kimya alitazama ile sentensi moja mpaka macho yakamchonyota. Akaichukua karatasi, akaiweka kwenye ncha ya meza pale pa kupokezana, na kwa uchovu tu, bila nia yoyote, akasema:

"Mimi nimeishia hapa. Mwenye zamu achukue."

Akatoka nje kuanika nepi. Aliporudi, karakana ilinuka kama nywele zilizopitiwa na pasi ya moto. Pasi ilikuwa baridi. Akaisogelea karatasi. Chini ya mwandiko wake palikuwa na sentensi ya pili, herufi ndogondogo zilizolala upande mmoja, zilizolingana kama mshono wa mashine: *Mtoto akafumbua macho, akamwona aliyeketi miguuni pake.*

Kimya aliinama chini ya meza. Mwanawe alikuwa macho. Hakuwa akilia. Alikuwa akitazama mwisho wa boksi na kucheka.

"Ni wewe umeniandikia?" Kimya alimuuliza Kasuku wenzake waliporudi kutoka kula.

"Mimi? Mwenzio ng'ombe wangu mwenyewe amenishinda kumfunga, nikufungie na wa kwako?"

Kimya hakumwonyesha ile karatasi, na sababu aliijua. Ile sentensi ilikuwa nzuri. Ilikuwa ndiyo hasa sentensi aliyokuwa akiitafuta. Mchana uliofuata aliiweka tena karatasi pale pale, akatoka, akasimama uani akiwa ameukumbatia mwili wake, na aliporudi ilikuwa imeongezeka nyingine: *Akampa jina jingine, naye mtoto akalipenda kuliko la kwanza.* Jioni hiyo nyumbani alimwita mwanawe kwa jina lake, akamwita tena akipiga makofi, na mtoto hakugeuka.

Alimpigia mumewe simu. "Mtoto hasikii ninapomwita."

"Una usingizi, mama watoto," mumewe alisema, na nyuma yake lori likanguruma. "Lala. Nikirudi tutaongea."

Kisha likaja andiko la mtoto kukataa ziwa, na kweli akalikataa, akageuza uso kana kwamba ameletewa kitu kilichochacha. Kimya alimkamulia kwenye kijiko, akatema. Siku iliyofuata hakuiweka karatasi mezani. Aliikunja, akaificha kifuani. Aliporudi kutoka uani, mtoto alikuwa amelala, amevaa gauni lake la kila siku, na mikono ya gauni ilikuwa imeshonwa midomo, yote miwili, vidole vikiwa ndani, kwa mishono midogo iliyolingana ambayo Kimya, aliyeshona mikono ya mashati kwa mamia, hakuwahi kushona mizuri kama hiyo. Aliifumua kwa wembe. Akaitoa karatasi kifuani. Ilikuwa imejaa mpaka karibu na ukingo, na bado ilikuwa na joto, wala si joto la mwili wake.

Hakuichoma. Aliisoma yote. Ilikuwa hadithi ambayo mtu akiisoma mbele za watu, watanyamaza.

Jumamosi mawingu yalishuka mapema, na mchana wakawasha taa. Kasuku alisoma hadithi ya ng'ombe wake, aliyekataa kukamuliwa kwa sababu mwenye nyumba amenunua mbuzi, na Bi Mkasi alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya, Kimya," Kasuku alisema akijifuta machozi. "Tusogee karibu jamani, maana huyu tutamsoma midomo."

Kimya alisimama. Sauti iliyomtoka ilikuwa pana na tulivu, ilijaza chumba bila kupanda, na wala haikutetemeka. Alisoma kuhusu mama aliyegeukia kando na kuhusu aliyeketi miguuni. Wenzake wakanyamaza. Kasuku aliacha mdomo wazi. Bi Mkasi akaweka mkasi chini taratibu. Kimya alifika kwenye mistari ya mwisho, ambayo asubuhi haikuwapo: *Siku ya mvua yule wa miguuni alimnyanyua mtoto kutoka kwenye boksi, akamfunika vizuri, akaenda naye mpaka mlangoni, na*

"Na nini?" Kasuku alinong'ona.

"Imeishia hapo."

Juu ya bati, mvua ikaanza.

"Hiyo hukuandika wewe, mwanangu," alisema Bi Mkasi. "Nani ameiandika?"

Ile sauti pana ilikwisha mahali pasipojulikana, ikabaki ya Kimya mwenyewe, nyembamba. "Niliiacha mezani. Nilisema mwenye zamu achukue."

"Ulisema hivyo? Ukiwa peke yako humu ndani?"

Kabla hajajibu, cherehani mbovu ya pembeni ilianza kukanyagwa. Kanyagio lilipanda likashuka, likapanda likashuka, gurudumu likizunguka bila mkanda, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Kimya alijitupa chini ya meza. Mtoto alikuwamo kwenye boksi, macho wazi, hapepesi, na alipotaka kumwinua alikuta mwanawe mdogo amekuwa mzito kama marobota ya kitambaa, kana kwamba kuna mikono mingine imemshika kutokea upande wa pili.

"Kamwite dada yangu," Bi Mkasi alimwambia Kasuku. "Ng'ambo ya barabara. Mwambie aache mkaa wote hapo hapo aje."

Dada yake Bi Mkasi aliuza mkaa, na watu waliopandwa na mashetani walipelekwa kwake bila kutangazwa. Aliingia akiwa amelowa, mikono myeusi mpaka viwikoni, ameshika kopo la makaa ya moto na ubani. Hakuuliza mengi. Alifukiza pembe zote, akafukiza mlango, akafukiza ile cherehani, akaiamuru kwa majina ambayo Kimya hakutaka kuyasikia mara ya pili, na kanyagio likazidi kwenda mbio.

"Hakisikii," alisema, akihema. "Hiki si mwizi. Kina kazi mkononi, kimepewa kwa mdomo wa mwenyewe. Kikifunga mwisho, kinatoka na mali yake." Akamgeukia Kimya. "Binti, wewe ndiye uliyetoa. Nyang'anya. Maliza wewe kabla hakijamaliza."

"Sijui cha kuandika, mama. Ndiyo maana niliiacha."

"Basi utajua sasa."

Kasuku alimpa penseli. Kimya alipiga magoti juu ya vipande vya kitambaa, karatasi kwenye paja, mkono wa kushoto umeshika mguu wa mtoto uliokuwa unapoa. Aliandika kwamba nuru kubwa ilishuka, na pale pale, mbele ya macho yake, maneno yalififia kama maji juu ya bati la moto. Aliandika kwamba mama alikuwa jasiri. Yakafifia. Na pale mwisho, baada ya lile neno "na", herufi zilizolala upande mmoja zikaanza kujichora zenyewe, polepole, kwa raha: *a... k... a...*

"Usipambe," dada yake Bi Mkasi alimwambia sikioni. "Ulikwama wapi?"

"Alipogeukia kando."

"Aligeukia nini?"

Kimya alilia bila sauti, kisha mkono wake ukaanza kwenda, ukavuka ukingo wa karatasi hadi upande wa pili, na haukusimama. Aliandika kwamba yule mama aligeukia kando kwa sababu alikuwa amechoka, amechoka mpaka mifupani, kwamba mtoto alikuwa amelia tangu asubuhi na mume yuko mbali na maziwa yanamchuruzika kifuani na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumuuliza yeye amelalaje, na kwamba katika kugeuka kule, kwa muda mfupi sana, alitamani mtu, mtu yeyote, aje amchukue yule mtoto aende naye, na kwamba kuna aliyekuwa ameketi pembeni akisikiliza, akaja, na kwamba mama alipomwona mgeni mlangoni na mtoto mkononi alijua ni yeye aliyemwita, na hakuwa na uso wa kudai, lakini alidai hivyo hivyo, bila uso, alivuka chumba na kumshika mwanawe kwa mikono yote miwili na kusema huyu ni wangu, hata nikichoka ni wangu, na mgeni akamwachia.

Akaweka nukta.

Kanyagio likasimama. Mlango, uliokuwa umefungwa kwa komeo, ukafunguka na kujipigiza ukutani, upepo wa mvua ukaingia, na harufu ile ikatoka kama mtu aliyekasirika. Chini ya meza mtoto akalia kilio kikali cha njaa. Kimya alimnyanyua, naye alikuwa mwepesi, na alipompa ziwa alilishika kwa pupa.

"Kimetoka," alisema dada yake Bi Mkasi, akakaa chini pale pale penye maji.

Kasuku alikuwa akitetemeka, lakini Kasuku ni Kasuku. "Ng'ombe wangu ameshindwa," alisema. "Kwa haki kabisa."

Usiku Kimya alilala fofofo na mwanawe kifuani, kwa mara ya kwanza katika siku nyingi.

Asubuhi aliamshwa na ukimya. Mtoto alikuwa na ziwa mdomoni, lakini hanyonyi. Kifua chake hakikupanda. Kimya alimtikisa, akamwita, akampuliza usoni, na midomo midogo ikaanza kuwa ya bluu. Juu ya meza ya kando ya kitanda kulikuwa na penseli ya Kasuku na bahasha kuukuu ya bili ya umeme. Aliichukua penseli bila kujua kwa nini, akilini mwake mkiwa na ile nukta aliyoiweka mwisho wa hadithi. Aliandika, herufi zikipanda na kushuka: *Mtoto akavuta pumzi.*

Mtoto akavuta pumzi.

Akaishusha. Hakuvuta nyingine. Kimya aliandika kwamba alinyonya, naye akanyonya. Aliandika kwamba mashavu yake yalirudisha rangi, nayo yakarudi. Penseli ilipopumzika, kifua kilipumzika.

Mlangoni mtu alibisha. "Hodi, Kimya," Kasuku aliita, mchangamfu. "Mahameli yako haya, nimekuletea. Fungua bwana, mshindi gani huyu analala mpaka jua linatoka?"

Kimya hakunyanyua kichwa. Bahasha ilikuwa imejaa upande mmoja. Aliigeuza, akambana mwanawe vizuri kwapani, akaandika: *Mama alisikia hodi, lakini hakuinuka.*